Fundi na Sigara ya Kumaliza Kola: Uchambuzi wa Kisa cha Kuacha Kuvuta

Kabla ya kisa

Tutamwita Fundi, maana hata mtaani kwake hakuna anayemwita jina lake. Amekubali kisa chake kiandikwe. Mji sikuutaja, umri nimeusogeza kidogo, na mambo mawili matatu ya nyumbani kwake nimeyaacha nje kwa sababu jirani yeyote angemtambua. Yaliyobaki yamebaki kama yalivyokuwa, pamoja na makosa yangu.

Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha na kisukari, mwambao wa Tanzania, na kwa miaka kadhaa nimepewa pia kazi ya unasihi. Fundi aliletwa kwangu na karatasi ya daktari yenye maneno mawili: "Aache sigara." Karatasi za namna hiyo ninazo nyingi. Ni sawa na kumwandikia mtu "awe tajiri".

Alikotoka

Ni mwanamume wa miaka hamsini na kitu, ana mke, watoto wanne na wajukuu. Chumba chake cha mbele kinatazama barabara. Ndani mna cherehani tatu, meza ya kukatia, pasi ya mkaa kwa siku ambazo umeme hauna habari, na mwanagenzi mmoja wa miaka 16. Sifa yake ni kanzu ambazo kola yake haivunjiki hata zikifuliwa mara mia.

Alianza kuvuta akiwa na miaka 17, naye wakati huo akiwa mwanagenzi. Fundi aliyemfundisha alikuwa akimtuma sigara dukani na kumwagiza arudi nayo imeshawashwa, ili asipoteze muda kutafuta kiberiti. Isizime njiani ilibidi kijana aivute pafu mbili tatu. Basi hapo ndipo mambo yalipoanzia, katika hatua thelathini za kutoka dukani hadi kwenye cherehani.

Tulipopima jinsi mwili wake ulivyozoea nikotini, kwa yale maswali sita ya Fagerström yanayotumika tangu 1991, alipata alama 4 kati ya 10. Sigara ya kwanza alikuwa akiivuta ndani ya nusu saa baada ya kuamka. Kwa siku alikuwa akifika 17 au 18, na hata akiwa na homa kitandani alikuwa akivuta. Lakini msikitini hahangaiki, na asubuhi havuti kwa pupa kuliko mchana. Nilipomuuliza ni sigara ipi itakayomuuma zaidi kuikosa, nilitegemea aseme ya asubuhi, kama wanavyosema wavutaji wazito. Akafikiri, akasema: "Ya kumaliza kola."

Nililiandika jibu hilo bila kulielewa, na sikulielewa kwa miezi mitano. Laiti ningeuliza swali moja zaidi siku ile, kisa hiki kingekuwa kifupi.

Alama 4 si kubwa. Mwili wake ulikuwa umefungwa kwa kamba, haukuwa na mnyororo. Tena kila Ramadhani, kama wavutaji wengi wa kwetu, alikuwa akikaa zaidi ya saa 13 bila sigara na kazi ikaenda. "Mchana kutwa sina habari nayo," alisema. "Ila ikibaki nusu saa kabla ya adhana ya magharibi, ndipo mwili unaanza kuwasha." Sikukuu ikishapita, mtu huyohuyo hawezi kumaliza saa moja na nusu.

Hapa ndipo penye fumbo. Kila baada ya saa 2 hivi, nusu ya nikotini iliyomo damuni inakuwa imetoka. Kama hamu ingekuwa inafuata damu peke yake, saa nane mchana wa Ramadhani Fundi angekuwa hoi, na dakika za mwisho kabla ya futari zisingekuwa na tofauti kubwa na saa tisa. Mwaka 2010 Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walichapisha utafiti juu ya wahudumu wa ndege wanaovuta, wakiwa katika safari fupi za saa 3 hadi 5 na nusu na safari ndefu za saa 10 hadi 13. Hamu ilipanda kadiri ndege ilivyokaribia kutua. Muhudumu aliyekaa saa nne katika safari fupi alikuwa na hamu kali kuliko alivyokuwa baada ya saa zizo hizo katika safari ndefu. Nikotini damuni haijui ndege inatua lini. Anayejua ni mwenye nayo.

Utafiti huo nilikuwa nimeshausoma nilipokutana na Fundi. Sikuutumia. Kusoma ni jambo moja na kukumbuka kwa wakati ni jingine.

Jaribio la kwanza

Kikao cha kwanza kilikuwa cha heshima tupu. "Shikamoo, baba." "Marahaba, mwanangu." Nikatoa picha za mapafu, nikaeleza presha, mishipa na kiharusi. Akasikiliza kama mtu anayesikiliza hotuba ya arusi ya mtu wa mbali. Nilipomwambia kwamba sigara haimtulizi bali inamwondolea tu wasiwasi ambao sigara iliyotangulia imeuacha, akatabasamu: "Hesabu zako nzuri, mwanangu. Lakini wewe hujawahi kuharibiwa kitambaa cha mteja."

Kisayansi nilikuwa sahihi. Uchambuzi wa tafiti 26 uliotoka katika jarida la BMJ mwaka 2014 ulionyesha kwamba walioacha walipungukiwa na wasiwasi, huzuni na msongo wakilinganishwa na walioendelea kuvuta. Lakini nililileta jambo hilo kama mtoto anayemsahihisha babaye, na lilifika hivyo.

Tukapanga aache usiku wa kuandama mwezi wa Ramadhani. Wazo lilikuwa langu, na sababu zangu zilionekana nzuri: mchana wote umeshajilinda wenyewe, nia ya ibada ipo, nyumba nzima imebadilisha ratiba, na wenzake kijiweni hawamshangai mtu anayekataa. Kilichobaki ni kuushinda usiku. Dawa za kutafuna au kubandika zenye nikotini tulizitafuta katika maduka ya dawa ya mji wetu tukazikosa. Shirika la Afya Duniani liliziweka katika orodha ya dawa muhimu tangu 2009, lakini orodha iko Geneva na rafu ziko hapa.

Siku 19 hakuvuta hata moja, si mchana wala usiku. Nikaanza kujipongeza.

Kumi la mwisho la Ramadhani, pamoja na siku zinazolitangulia, kwa fundi wa kanzu ni kama mavuno kwa mkulima. Watu waliokaa mwezi mzima na kitambaa ndani ya mfuko wanakumbuka kwamba Idi ipo. Fundi alikuwa akishona hadi daku. Usiku wa mwezi 20, kama saa saba hivi, mwanagenzi alikata mikono ya kanzu ya mteja, yote miwili ya upande wa kushoto. Kitambaa kilikuwa cha mteja mwenyewe, kimetoka Dubai, na kilichobaki hakikutosha mkono mwingine.

Fundi hakumpiga kijana. Alitoka nje hadi kibarazani. Duka la jirani lilikuwa bado wazi, kama yalivyo maduka usiku wa Ramadhani. Akanunua moja. Baadaye alinieleza hivi: "Nilipoimaliza ile nikasema basi, funga imeshafunguka. Ikishafunguka imefunguka." Akarudi dukani akanunua pakiti nzima, yeye ambaye kwa miaka mingi hakununua ila moja moja. Kufikia Idi alikuwa amepita 20 kwa siku.

Hakuja miadi mbili.

Aliyekuja ni mkewe

"Dada," alisema kabla hajakaa, "mwambie avute tu."

Nikadhani nimesikia vibaya. Akaeleza. Siku zile 19 watoto walikuwa wakitembea kwa ncha za vidole. Hakulala. Alimfokea mjukuu kwa kuangusha kijiko. Kila baada ya tarawehe alikuwa akikaa na dele la kahawa mbele yake, kikombe juu ya kikombe, kwa sababu mikono haikujua pa kwenda.

Nikamuuliza vikombe vingapi. "Nane, tisa. Kama kawaida yake, labda na viwili vya ziada."

Hapo nilijiona mjinga. Moshi wa tumbaku unaliharakisha ini katika kuivunja kafeini. Mvutaji anakunywa kahawa nyingi kwa sababu haikai mwilini mwake. Akiacha sigara, ini linapunguza kasi, na kwa vikombe vilevile kafeini damuni inaweza kupanda kama maradufu. Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, usingizi kupaa, hasira za karibu: sehemu ya yale tuliyoyaita arosto ya sigara ilikuwa kahawa chungu. Mtu wa mwambao anaacha kuvuta, na mimi sikumuuliza habari ya kahawa!

Mkewe pia alisema jambo ambalo nimelishika: "Anaona haya kukuona. Anasema amekuvunjia ahadi." Kumbe alikuwa ameniahidi mimi, si nafsi yake. Na mtu mzima aliyemvunjia ahadi mtoto wa watu hatarudi upesi.

Kilichomrudisha

Alirudi mwenyewe Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, bila miadi, asubuhi wakati foleni ya presha haijapungua. Nilimsalimia, akaitikia, akakaa akitazama sakafu.

Siku iliyotangulia alimtuma mwanagenzi sigara mbili. Akiwa dirishani anapima, akamwona kijana akirudi: moja nzima mkononi, nyingine inatoka moshi mdomoni. Alipokaribia akaifuta ncha kwa shati, akamletea mzee imeshawashwa.

"Sikumtuma aiwashe," alisema.

Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kahawa ile aliyoambiwa na mkewe ni habari gani.

Daftari la vipimo

Safari hii sikutoa picha yoyote. Nilimwomba kitu kimoja: kwa wiki moja avute kama kawaida, ila kila sigara aiandike mahali na sababu. Akasema hana daftari ila la vipimo vya wateja. Nikamwambia hilohilo.

Wiki ikaisha akaliweka mezani. Daftari kubwa la kaunta, jalada limepasuka, kurasa zina unga wa chaki. Ninanakili mistari michache jinsi ilivyokuwa:

"Kanzu, urefu 56, bega 19, mkono 24, shingo 16. Nusu mbele. — Sigara, kola imekwisha."

"Suruali 2, kiuno 36. — Sigara, mwenye suti kaja kugomba."

"Sigara, kahawa, mzee wa samaki kapita."

"Sigara, kola imekwisha."

Tukahesabu pamoja siku ya Jumatano, yenye sigara 17. Sita zilifuata kazi iliyokamilika: kola, mfuko, lapa. Nne zilikuja baada ya mteja mgomvi au simu ya madai. Nne zilikuwa za kahawa na watu. Tatu zilizobaki, pamoja na ile ya asubuhi, hazikuwa na sababu iliyoandikwa, na hizo ndizo tulizokubaliana kuwa mwili ulizidai wenyewe.

Nikamuuliza, hatimaye, swali la miezi mitano iliyopita: kola ikiisha, unafanya nini hasa, hatua kwa hatua?

Anaweka mkasi. Anasimama. Anajinyoosha mgongo. Anatoka nje, kwa sababu cheche ikiangukia kitambaa cha mtu ni hasara. Anasimama kibarazani, anatazama barabara, anasalimiana. Dakika tano. Anarudi.

"Na usipovuta, unatoka?"

"Nitoke kufanya nini? Nikisimama bure wataniona mvivu."

Katika siku zile 19 hakuwahi kusimama ila kwa swala. Alikuwa akikaa kwenye cherehani saa tano, sita mfululizo, mgongo unawaka, na hakuna aliyejua, hata yeye, kwamba tulipomwondolea sigara tulimwondolea mapumziko yake yote kwa mkupuo mmoja. Toka ujanani alijifunza kwamba mwanagenzi hasimami. Anayesimama bila kugombezwa ni yule mwenye sigara mkononi. Sigara ilikuwa ruhusa yake ya kusimama.

Mpango wa pili na sababu zake

Tulikubaliana mapumziko yabaki. Kwa hili nilisita, maana ushauri wa kawaida ni kumwepusha mtu na mahali na saa za kuvutia, nami niliogopa kwamba kusimama kibarazani kila kola ikiisha kungekuwa kumwita shetani kwa jina. Tukapatana katikati: anasimama, lakini anapita mlango wa nyuma kwenda uani, penye bomba. Ananawa uso, anakunywa maji, anasimama dakika tano akitazama ukuta wa jirani kama anataka. Akaniuliza na watu waseme nini. Nikamwambia waambie presha, daktari kaamuru. Hiyo akaipenda, presha inaheshimika.

Kwa wateja wagomvi, kusema "nitajizuia" hakukutosha. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha tangu miaka ya 1990 kwamba nia iliyofungwa na tukio mahususi, likitokea hili nafanya lile, hushika kuliko nia iliyo hewani. Nilimwachia achague mwenyewe. Akachagua tepu: "Mteja akija kugomba, kabla sijajibu neno namwambia simama nikupime upya." Mtu anayepimwa anainua mikono na kunyamaza, na anayepima anahesabu. Mimi nisingelibuni hilo hata kwa mwaka.

Kahawa tukaikata nusu kuanzia siku ya kwanza, vikombe vinne, cha mwisho kabla ya magharibi. Mkewe aliitwa kliniki akaelezwa siku tatu za mwanzo zitakuwaje, na kwamba ukali wa arosto hupungua sana ndani ya wiki mbili hadi nne. Alisema angeambiwa hivyo mara ya kwanza angepeleka wajukuu kwa shangazi yao. Safari hii aliwapeleka.

Tarehe tuliichagua katikati ya mwezi usio na sherehe wala msimu wa sare za shule, siku ya Jumanne. Haikuwa na maana yoyote, na ndiyo maana niliitaka.

Ukurasa wa mwisho wa daftari aliandika kwa mkono wake: "Nikivuta moja nimevuta moja. Siendi kununua ya pili kabla sijamwambia mtu." Hiyo ilikuwa kinga dhidi ya ile "imefunguka imefunguka". Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeandika na mwenzake Gordon mwaka 1985 juu ya kurudia uraibu, alieleza kwamba kinachomrudisha mtu kwenye pakiti nzima mara nyingi si ile sigara moja, ni tafsiri anayoipa: nimeshindwa, mimi ndivyo nilivyo. Kwa Fundi tafsiri ilivaa nguo ya swaumu. Tulizungumza sana hapo. Nilimuuliza: kwenye kanzu, mshono mmoja ukienda upande unafanyaje? Akaniangalia kama nimemtukana. "Nafumua mshono ule." Hatukuendelea zaidi.

Miezi iliyofuata

Siku nne za kwanza zilikuwa mbaya, kama ilivyotarajiwa, ya tatu kuliko zote. Kila hamu ilipokuja alikuwa akitazama saa ya ukutani; nilimwambia wimbi moja kwa kawaida ni la dakika chache tu, akathibitisha kwamba refu kuliko yote lilichukua muda wa kupiga pasi kanzu moja.

Wiki ya pili aliota anavuta mchana wa Ramadhani, akaamka ametokwa jasho na majuto, akanusa vidole vyake kuhakikisha. Ndoto hizo ni za kawaida mno kwa wanaoacha, nikamwambia hazihesabiwi.

Nilichokuwa sijakitegemea ni wiki ya tatu. Arosto ilikuwa imepungua, kahawa haimsumbui, analala. Akaja akakaa. "Mwanangu, naona kama nimefiwa." Hakuwa na hasira wala hamu. Alikuwa na ukiwa. Miaka thelathini na zaidi kuna kitu kilichokuwa naye siku babaye alipozikwa, usiku wanawe walipozaliwa, kila kanzu ilipokamilika. Nilitaka kumkumbusha ubaya wa sigara. Nikajizuia, nikamwambia pole. Alikaa robo saa, akaenda. Katika vikao vyote, nadhani hicho ndicho nilichosema maneno machache zaidi na kufanya kazi nzuri zaidi.

Wazee wa kijiweni walimpa mtihani mwingine. Kukataa sigara ya rafiki ni kama kukataa mkono wake. Mwanzoni alikuwa akisema "nimeacha kwa sasa", nao wakimjibu "basi utarudi". Baada ya mwezi alijaribu kusema "mimi sivuti". Mmoja akacheka mpaka kahawa ikamwagika. Wiki iliyofuata hakuna aliyempa. Neno moja lilikuwa la mtu aliye safarini, lingine la mtu aliyekwishafika, na wasikilizaji walilijua hilo kabla yake yeye.

Wiki ya saba aliteleza. Msibani, usiku, chini ya turubai na wanaume wengine, pakiti ikapita mkono kwa mkono na yeye akachukua. Pafu mbili. Akaizima, akaondoka pale akaenda kukaa na waliokuwa wakipanga kuni za jiko. Asubuhi alinisubiri mlangoni kliniki haijafunguliwa. "Nimekuja kukuambia, ili nisinunue ya pili." Hakununua.

Mwezi wa kumi na mbili alikuwa havuti, na toka ule msiba hakuonja tena. Presha bado anatumia dawa. Uzito umepanda kilo 5, ambazo ndizo kilo 4 hadi 5 zinazotajwa kwa kawaida kwa mwaka wa kwanza. Suruali zake zote amezilegeza kiuno mwenyewe na hakunificha kwamba jambo hilo linamuudhi. Ramadhani ilipokuja tena nilikuwa na wasiwasi kuliko yeye. Ilipita.

Kilichofanya kazi na kilichoshindwa

Kosa langu kubwa lilikuwa Ramadhani. Sisemi mwezi huo haufai kwa kila mtu. Wapo walioachia hapo na wakafaulu. Lakini mvutaji aliyefunga miaka thelathini huku akivuta usiku amejifunza jambo moja kwa moyo: kujizuia huku kuna mwisho, na mwisho una tarehe. Nilimpa hamu yake kiwanja cha kutua. Idi ilipokaribia ilifanya kama ile ya wahudumu wa ndege, na mikono miwili ya kushoto ikawa kisingizio tu. Jumanne isiyo na jina haikumwonyesha mwisho wowote.

Kosa la pili, kumtenganisha mtu na sigara kabla ya kujua sigara inafanya kazi gani. Alama za Fagerström zilinidanganya kwa ukweli wake: mwili haukuwa na deni kubwa, nikahitimisha kwamba deni lote ni dogo. Daftari la vipimo ndilo lililoonyesha kwamba sigara tatu zilikuwa za mwili na kumi na nne za maisha. Kwa mtu mwingine uwiano ungekuwa kinyume, na huyo angehitaji dawa kabla ya mazungumzo.

La tatu ni umri. Nilikuwa nikimfundisha mtu wa rika la baba yangu. Kikao kilianza kuzaa matunda siku nilipoacha kujibu na kuanza kuuliza. Huo ndio mtindo ambao mwanasaikolojia William Miller aliuandika kwa mara ya kwanza mwaka 1983 na ambao vyuo vinaufundisha kama mbinu. Kwetu, muuguzi kijana mbele ya mzee, ni adabu ya kawaida, nami niliisahau kwa sababu nilivaa koti jeupe.

Mkewe tungemwita siku ya kwanza. Hapa sina la kujitetea.

Sasa mipaka. Hiki ni kisa kimoja. Tunaamini kauli yake na ya mkewe. Kifaa cha kupima monoksidi ya kaboni, gesi ya moshi wa sigara, katika pumzi hatuna. Wanaoacha bila msaada wowote na kudumu miezi 6 hadi 12 ni kama 3 hadi 5 kwa kila 100, kwa hiyo kushindwa mara ya kwanza kusingepaswa kunishangaza, na huenda jaribio la pili lilifaulu kwa sehemu kwa sababu tu lilikuwa la pili. Tena sijui lipi kati ya tuliyofanya ndilo lililobeba mzigo. Nikimuuliza yeye, anasema tepu. Mkewe anasema kahawa. Mimi nashikilia mlango wa uani.

Na kijana. Fundi hamtumi tena dukani, ila duka liko palepale na kijana ana miguu. Tulimwita, akasema havuti, akiangalia pembeni. Mara ya mwisho Fundi alipokuja kuchukua dawa nilimuuliza habari zake. Akasema bado ananuka. Halafu akasema amemwekea dakika tano kila baada ya kazi. Kijana alimuuliza aende kufanya nini huko uani. "Nikamwambia simama tu. Huhitaji sababu."